Siku Taa za Kamionete Zilipomtaja Tonton Alphonse

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana mkisikia kwa wengine mtasikia vibaya zaidi: mimi Boniface, dereva wa miaka mingi na fundi wa kujisifia, nusura nimuue mtu asiye na hatia kwa kusema maneno matatu tu, "haina kosa, mama." Sikumgonga. Sikumgusa hata kwa kidole. Mdomo huu huu ninaonywea pombe yenu ndio uliofanya kazi yote. Ni mambo ya zamani, miaka ile ya hamsini, Wabelgiji bado wako, lakini mpaka leo nikipita barabara ya Bengamisa nashusha kofia hadi puani nisitambuliwe, na wapo akina mama kule ambao bado wananitambua hata nikivaa gunia.

Wakati ule niliendesha kamionete ya mfanyabiashara mmoja hapa Kisangani (kwenye makaratasi ya wazungu mji uliitwa Stanleyville, sisi tulisema Kisangani kama babu zetu). Gari lenyewe lilikuwa limechoka, mawese yamemwagika nyuma mpaka mbao zimelowa, lakini kwa umeme wa magari hakuna aliyenifikia, au ndivyo nilivyojiambia kila asubuhi nikijitazama kwenye kioo cha pembeni. Dinamo, regileta, betri, taa, vyote nilivijua kwa jina na kwa tabia. Watu wakaniita Papa Lumière, yaani Baba Mwanga, nami nikaitika. Nilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nilipenda sifa kuliko chakula.

Sasa, akafa Papa Basile. Huyu alikuwa seremala, mtu mpole, nusu ya meza za mtaa wetu zilitoka mikononi mwake, na hakuwa mzee. Alilala hospitalini wiki mbili tumbo likimvimba, halafu akaondoka. Mke wake, Mama Véronique, akaja kwangu alfajiri, macho makavu kabisa, kitambaa amekikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana.

"Boniface, Basile atazikwa kwao, ku barabara ya Bengamisa. Batu ya kwao banataka kumubeba na mabega. Miye sitaki. Minataka motuka imufikishe mpaka kwa kaburi. Unasikia? Si barabarani. Mpaka kwa kaburi."

Nieleze kidogo kwa wale ambao hamkulelewa kule. Kwao Papa Basile, mtu akifa kabla nywele hazijawa nyeupe, hawakubali kwamba ni tumbo, wanasema ameliwa na mchawi. Wanaume wanne wanabeba jeneza mabegani, wanalipitisha mbele ya nyumba za kijiji, na maiti anaulizwa: nani alikula weye? Na jeneza linavuta. (Msicheke. Nimeliona kwa macho yangu, wanaume wenye nguvu zao wanayumbishwa huku na huku kama walevi, jasho linawatiririka, na hakuna anayeweza kusema ni nani kati yao anayesukuma.) Likisimama mbele ya mlango fulani na kukataa kusonga, mwenye mlango amekwisha. Anafukuzwa, au ananyweshwa mbondo, yaani maji ya mizizi ya sumu, na asiye mchawi eti huyatapika. Leta, serikali ya Wabelgiji, ilikataza. Padri alikataza pia. Lakini padri alikuwa mbali, na msitu ulikuwa karibu.

Mama Véronique alijua jeneza lingesimama wapi. Mdogo wake Basile, Tonton Alphonse (tonton ni mjomba kwa Kifaransa), alikuwa amekosana na kaka yake kwa ajili ya mpaka wa shamba la kahawa, wakatukanana mbele ya watu, na Alphonse kwa hasira akasema, "Utaona." Neno moja tu, na nani kati yetu hajalisema? Basi kaka akafa, na kijiji kikalikumbuka neno lile. Kisichokumbukwa ni kwamba huyo huyo Alphonse alitembea kwa miguu siku mbili kuleta kuku na ndizi hospitalini, akalala sakafuni chini ya kitanda cha kaka yake mpaka dakika ya mwisho. Kijiji hakikuliona hilo. Mama Véronique aliliona, na ndiyo maana alitaka gari. Gari halina mabega, alisema, na gari haliulizwi kitu.

Mwenye gari akaruhusu, nami nikapewa hadi alasiri nijitayarishe. Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Ningelala kidogo, ningekula pondu yangu taratibu, lakini la, nikaona kopo la rangi nyeusi kwenye kona ya gereji nikasema maiti wa heshima hapandi gari lenye kutu. Nikapaka mbele, nikapaka pembeni, rangi ikabaki. Nikafungua kifuniko cha injini nikafungua na betri, nikapaka ndani mote mpaka chuma kikawa kinang'aa kama viatu vya karani siku ya Jumapili. Jua lilikuwa kali, rangi ikashika upesi, nikarudisha betri na nyaya zake kila mmoja mahali pake, nikafunga. Wapita njia walisimama kunisifu. Mmoja alisema hata injini ya gavana haing'ai hivi, na mimi mjinga nikaacha kifuniko wazi nusu saa zaidi ili wengine nao waone.

Tulipopakia jeneza nikazungusha injini kwa hendeli, kama desturi ya gari lile, nikawasha taa kuzijaribu. Zikapepesa mara mbili, zikatulia. Mama Véronique alikuwa amesimama mbele ya gari.

"Ile njo nini?"

"Si kitu. Haina kosa, mama."

Ndiyo mara ya kwanza. Naihesabu kwa sababu nimelazimika kuihesabu maisha yangu yote.

Mama Véronique akakaa mbele pamoja nami. Nyuma, kando ya jeneza, alikaa kapita, yaani mkuu wa kijiji chao, aliyekuja na ndugu wawili kumchukua maiti. Huyu kapita hakuipenda habari ya gari hata kidogo. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, na alipopanda alipiga ubao wa jeneza kwa kiganja mara moja, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

Tukavuka mto Tshopo, tukaingia barabara ya kaskazini. Ilikuwa kama saa tisa alasiri, na mnajua mvua ya kwetu inavyokuja: mbingu ikageuka rangi ya bluu-nyeusi, lakini haikunyesha. Ilikaa tu juu yetu. Upepo ulikufa. Msituni barabara ikawa giza kabisa, ndege wakanyamaza wote kwa pamoja, hata wale hondohondo wasionyamaza kamwe, na nikasikia matairi yangu yakinyonya matope na ubao wa jeneza ukilia kila tunapopita shimo. Nikawasha taa. Nilipoenda kwa kasi ziliwaka vizuri, nyeupe, hadi kwenye mashina ya miti. Nilipopunguza mwendo zikaanza kushuka, njano, kisha nyekundu, kisha kama makaa mawili yanayokufa. Nikikanyaga mafuta, zinafumbuka. Nikiachia, zinalala. Mshale wa kipimo cha chaji ulikuwa unacheza kama mtu mwenye homa.

Nikasimama. Sikupenda kusimama pale, lakini sifa zangu hazikuniruhusu kupita bila kushuka. Nikafungua kifuniko, nikaanza kama fundi: mkanda wa dinamo umekaza, sawa. Nikafungua regileta, kile kisanduku kinachopima umeme wa dinamo, nikasugua vile vidole vyake kwa ubavu wa kiberiti, sawa. Nikabadilisha fyuzi. Nikatikisa waya wa dinamo, nikatikisa waya wa taa, nikatoa balbu nikazirudisha. Kila kitu kizima. Kapita alishuka akasimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake shingoni.

"Alors?"

"Nimeangalia yote, papa. Motuka haina kosa."

"Kama motuka haina kosa, sababu gani taa inalala?"

Jamani, mdomo huu. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, halina gharama. Lakini Papa Lumière hajui kusema hajui, na giza lile lilikuwa limeniingia mwilini, nikatafuta utani wa kulifukuza, nikasema, "Pengine Papa Basile mwenyewe njo hataki kufika."

Hakuna aliyecheka. Kapita akarudi nyuma akapanda, na nikasikia akiwaambia wale ndugu wawili kitu kwa lugha yao, taratibu, na wao wakaitika "ee" kwa pamoja. Mama Véronique aligeuka akanitazama muda mrefu.

Tulifika kijijini bado mvua haijanyesha. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara, wanawake wamejipaka majivu, kilio kimoja kinaanzia mwanzo wa kijiji na kufuatana nasi nyumba kwa nyumba. Niliongeza mafuta kidogo ili taa ziwe na heshima, na kweli ziliwaka, tukapita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu mbele ya nyumba moja kulikuwa na mzizi mkubwa wa mti umevuka barabara, nikapunguza mwendo ili nisimrushe maiti. Magurudumu yakagonga mzizi. Taa zikalala.

Zilibaki nukta mbili nyekundu. Na katika wekundu ule nikamwona mtu amesimama mlangoni, kifua wazi, majivu hadi kwenye kope, mikono imening'inia. Sikuhitaji kuambiwa jina lake, kwa sababu kilio cha kijiji kizima kilikatika ghafla.

Kapita akapiga paa la gari juu ya kichwa changu. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha, injini ikanguruma, taa zikafumbuka. "Bon. Enda mbele." Nikaenda, nikafika kwenye mzizi, nikapunguza. Zikalala. Akapiga tena paa. Nyuma, zinafumbuka. Mbele, zinalala. Wallahi sikuwa tena fundi pale, nilikuwa mtoto wa mama yangu tu.

Kisha kapita akashuka, akasimama mbele ya gari, uso wake kwenye taa. Injini inanguruma, mguu wangu bado uko kwenye mafuta, taa ziko wazi. Akainua mkono.

"Basile. Unanisikia. Nani alikula weye? Kama ni mudogo yako Alphonse, funga macho."

Mguu wangu ukaondoka kwenye mafuta wenyewe, bila kuniuliza. Na yale macho mawili yakafumba, polepole, kama ya mtu anayekubali.

Halafu wakamrukia. Tonton Alphonse hakukimbia, hakupiga kelele, alisema tu, "Yaya, miye? Yaya, miye?" akimwambia kaka yake ndani ya jeneza, si watu. Wakamlaza kifudifudi matopeni, mwanamume mmoja akaketi mgongoni mwake, na kapita akamtuma mtu kuleta mbondo.

Mama Véronique alikuwa amekwisha kushuka. Alikuja upande wangu, akashika mlango kwa mikono yote miwili, watu wote wakatuzunguka.

"Boniface. Weye njo fundi. Mbele ya hawa batu yote, sema: motuka iko na kosa ao haina?"

Nimewaza sana jibu nililotoa. Nataka niwaambie niliogopa, na ni kweli, niliogopa. Nataka niwaambie niliamini, na hilo nalo ni kweli, nusu yangu iliamini kabisa kwamba Papa Basile alikuwa ananyosha kidole kupitia taa zangu. Lakini chini ya woga na chini ya imani kulikuwa na kitu kingine kidogo, kichafu: watu mia walikuwa wananitazama, na gari langu lilikuwa linang'aa.

"Haina kosa, mama."

Aliachia mlango. Akaenda akakaa chini matopeni kando ya kichwa cha shemeji yake, akamfunika kwa kitambaa chake. Jibu langu lile ndilo lilikuwa mara ya tatu.

Nikabaki mle ndani peke yangu, na maiti nyuma yangu, injini bado inazunguka. Nikasikia harufu. Mwanzo nikadhani ni harufu ya jeneza, nikaziba pua. Lakini haikuwa ya mtu, ilikuwa ya kitu kinachoungua, kama ubao uliopakwa mafuta ukisogezwa karibu na moto. Nikashuka, nikafungua kifuniko nikafuata harufu kwa kupapasa gizani. Regileta, baridi. Dinamo, ya kawaida. Kisha vidole vyangu vikafika kwenye masi, nikavitoa kwa kelele. Ilikuwa ya moto kama sufuria.

Masi ni ule waya mfupi mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa bolti kwenye chuma cha gari. Umeme wote unaotoka kwenye betri kwenda kwenye taa lazima urudi nyumbani kwa mlango huo. Kila fundi anajua kwamba kabla ya kufunga bolti ile unakwangua chuma mpaka kiwe cheupe. Mimi nilikuwa nimepaka rangi pale, rangi nene, nzuri, na nikafunga waya juu ya rangi, kwa sababu niliona huruma kuikwangua. Umeme ulikuwa unapita kwenye ufa mdogo tu, wa kutosha injini isizimike, usiotosha kulisha taa. Betri ilikuwa pale na ni kama haikuwepo. Taa zilikuwa zinaishi kwa dinamo peke yake, na dinamo ikizunguka polepole haitoi kitu. Ndiyo maana zililala kila nilipopunguza mwendo, na mbele ya mlango wa Alphonse kulikuwa na mzizi ambao dereva yeyote angepunguza. Nilielewa yote kwa mara moja, kidole changu kikiwa mdomoni.

Mtu wa mbondo alikuwa anarudi na kibuyu, nilikiona kikipita juu ya vichwa.

Nikapiga kelele. "Simameni! Kosa iko ya motuka! Kosa iko ya kwangu!"

Kapita hakugeuka hata shingo. "Sasa unamuficha. Mara tatu ulisema haina kosa. Batu yote balisikia."

Na alikuwa na haki! Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale, nasema kweli na hakuna anayeihitaji. Nikatazama kushoto na kulia, nikachukua spana ndefu, nikakwangua chuma kwa kisu changu mpaka kikaonekana cheupe, nikaweka spana kutoka kichwa cha masi hadi kwenye ule weupe. Taa zikalipuka. Ziliwaka kuliko siku zote, mpaka watu wakaziba nyuso kwa mikono, na mwenye kibuyu akasimama palepale.

"Papa kapita," nikasema, "simama mbele."

Sijui alinitii kwa nini. Labda kwa sababu sauti yangu haikuwa yangu. Akasimama kwenye mwanga, nami nikasema kwa nguvu ili wa nyuma nao wasikie: "Basile! Kama ni kapita alikula weye, funga macho!"

Nikainua spana. Taa zikafumba.

Yule mrefu wa maneno machache aliruka nyuma kama aliyekanyaga siafu, akaanguka kwa matako matopeni, na mahali fulani nyuma mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo. Nikagusa, zikafumbuka. Nikamtaja padri. Zikafumba. Nikamtaja gavana, zikafumba. Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakakaribia kuangalia mkono wangu. Mwisho nikasema, "Basile, kama ni miye Boniface, funga macho." Nikainua spana.

Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi. Nilisimama na chuma mkononi, na yale makaa mawili mekundu yakaangaza matope na kitambaa cha Mama Véronique na uso wa Alphonse chini yake, na kwa muda mfupi sikuweza kurudisha mkono. Naapa sikuweza.

Kisha mvua ikaja yote kwa pamoja, na ikatuokoa. Yule aliyekaa mgongoni mwa Alphonse akatoka akakimbilia kibarazani, na kibuyu sikukiona tena. Mama Véronique akaja akasimama juu yangu, akasema, "Kwangua." Nikakwangua. Nilipiga magoti mbele ya kijiji kizima kwenye mvua, nikikwangua rangi yangu nzuri kwa kisu, vipande vyeusi vimenishika mikononi na usoni, na wanawake wa kibarazani tayari wamekwisha kutunga wimbo: fundi amepaka motuka wanja, motuka imesinzia. Waliuimba siku zote tatu za matanga, na mimi nilikuwepo siku zote tatu, kwa sababu barabara ilikuwa imeharibika na sikuwa na pa kujificha. Walinichezea mpaka mwendo wangu, mikono kiunoni, kifua mbele. Aibu ile siitaki hata kwa adui.

Nikafunga bolti, taa zikakaa. Mama Véronique akasema gari litafika kaburini kama alivyosema, na likafika, polepole sana, magurudumu yakizama, taa nyeupe hazitikisiki hata kwenye mizizi, na nyuma Tonton Alphonse alikaa peke yake na kaka yake, mkono juu ya ubao, matope yote mwilini. Nilimwona kwenye kioo. Nikafikiri, basi, yamekwisha, nimeaibika lakini mtu amepona.

Siku ya tatu, nikiwa najiandaa kuondoka, shangazi yake Basile, bibi mmoja mdogo wa mwili, alikuja akaangalia ile sehemu niliyokwangua. Akaigusa kwa kidole. Watu wakasogea kusikia.

"Waya iko waya, tunasikia," akasema kwa upole, bila ubaya wowote. "Lakini mwanangu, nani alituma mukono yako ipake rangi pale?"

Ningejibu nini? Kwamba ni sifa? Nilisema hivyo, nikasema, "Ni majivuno yangu, mama," na bibi akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa, akageuka akatazama nyumba yenye mzizi mbele yake. Wote wakatazama huko. Masi niliitengeneza kwa dakika tano, lakini lile swali sikuwa na spana ya kulifungulia.

Hakuna aliyemfukuza Alphonse. Waliacha tu kumwamkia. Wakaacha kupita mbele ya mlango wake, watoto wakavutwa mkono, kuku wake akipotea hakuna aliyemwona. Kabla kahawa haijaiva alifunga vitu vyake akaja mjini, akaenda kuishi karibu na maporomoko, kwa wavuvi Wagenia, akawa anabanika samaki wa watu wengine.

Nilikutana naye sokoni baada ya misimu miwili ya mvua, amebeba kikapu kizito, amekonda. Akaniamkia vizuri, akauliza habari za watoto. Nikamwambia, "Tonton, panda, nitakufikisha kwako." Akaangalia gari, akaangalia taa zake (mchana ule, zimezimwa), akatabasamu kidogo.

"Hapana, mwanangu. Miye minatembea na miguu."

Akaenda zake, na kikapu chake, kwenye jua. Nilikaa ndani ya gari lile nikalia, mtu mzima, sokoni, watu wakinitazama. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama gari langu lina kosa, namjibu linalo, hata kabla sijafungua kifuniko. Abiria wengine wanashuka, wanakwenda kutafuta dereva anayejiamini. Waache waende.